Nilivyopima Redio kwa Adabu

Wawira mwanangu,

Umeenda kuaga kwa shangazi yako, na kwa kuwa namjua, hatakuachilia mpaka unywe chai mara mbili na kuombewa mara tatu. Kwa hivyo nina nafasi ya kuandika jua likiwa bado liko. Begi lako limefungwa. Habari za sweta, za kuchemsha maji na za watu wa kukwepa stendi sitazigusa. Hayo baba yako atayarudia kesho asubuhi mpaka chai ipoe. Mwache aseme, kwake hiyo ndiyo namna ya kulia.

Mimi nina jambo moja tu. Kwa miaka ishirini na saba niliamini kwamba mimi ndiye niliyemfanya Mama Nyaga asimzike kaka yake. Nilimficha yeye, nikamficha baba yako, na nyinyi watoto mkakua mkimwita cucu, kama nyanya yenu mzazi, bila kujua kitu. Jumanne wiki hii nilipanda kwake nikamwambia. Nakuandikia nikiwa mtu mwepesi, Wawira, na sijazoea wepesi huu, kwa hivyo nivumilie nikirukaruka.

Unakumbuka siku ulipoleta ile simu ya kupimia? Ulinikalisha mezani ukanieleza kwamba kazi yenu itakuwa kuzunguka na gari kutoka Isiolo kwenda juu, mkisimama kila mahali na kusoma mtandao una nguvu kiasi gani. Hasi sabini ni nzuri, hasi mia na kumi ni mbaya. Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na sijawahi kuona watu wanaofurahia hasi. Ukacheka, ukanieleza kwamba namba ikikaribia sufuri ndipo nguvu inaongezeka. Tukatembea nayo hadi zizini, ikasoma hasi tisini na mbili. Tukazunguka nyuma ya tangi la maji, ikasoma hasi mia na nne. Ukasema, "Mama, ona, hatua kumi tu na imeshuka hivyo." Nikageuka kurudi ndani. Ukaniuliza kuna nini, nikasema nimekumbuka maharagwe jikoni. Hapakuwa na maharagwe jikoni siku hiyo, tulikula mukimo wa jana. Nilikuwa nimekumbuka kwamba hata mimi niliwahi kupima.

Nililetwa Kibugu kutoka Kanyakine, Mmeru mmoja kati ya Waembu. Lugha zetu zinasikilizana nusu, na ile nusu nyingine watu wanaicheka. Nikisema neno la kwetu kisimani, wanawake walitazamana. Mama Nyaga ndiye aliyeweka ndoo yake chini akanisaidia kujitwika yangu. Akaniambia kwamba yeye pia aliolewa kutoka mbali, kutoka Gachoka kwenye joto na ndengu, na kwamba baridi ya huku ilimliza mwaka mzima. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchuma majani chai, yale mawili na chipukizi lake, bila kuchubua vidole. Nyumba yake ilikuwa papo hapo ilipo leo, juu kabisa kwenye mgongo wa kilima, na yetu huku chini karibu na mto.

Mwaka wangu wa pili hapa, shule ilipata barua kutoka kituo cha redio. Walitaka watu wa kuwasikiliza kwa zamu kila upande wa mlima, watu wanaojua kusoma saa na kuandika, wawe wakijaza kadi kila jioni na kuzituma mwisho wa wiki. Mwalimu mkuu akanichagua mimi kwa sababu nilikuwa na redio, zawadi ya harusi kutoka kwa mjomba. Kadi ilikuwa na visanduku vitano. Nguvu ya sauti. Vituo vingine kuingilia. Kelele za hewani. Kufifia, yaani sauti kwenda na kurudi. Halafu jumla. Kila kisanduku unaandika namba, kuanzia moja hadi tano. Moja maana yake husikii kitu. Tano maana yake ni kama mtangazaji ameketi jikoni kwako anasubiri uji.

Redio yetu ilikuwa ya shida. Mchana ilijitahidi. Jioni, hasa mvua ikishuka kutoka msituni, sauti iliondoka, ikarudi, ikaondoka tena, na katikati yake mlio kama wa mafuta yanayokaangwa. Kwa haki ilikuwa mbili. Siku ikiwa nzuri sana, tatu.

Mimi niliandika tano. Jioni ya kwanza, ya pili, na zote zilizofuata.

Usicheke kwanza. Kwetu Kanyakine mama yangu alitulea hivi: mgeni akikuletea ndizi mbichi, unasema zimeiva. Mtu akikulimia na kuharibu, unamwambia amefanya kazi kuliko ulivyotarajia. Sasa watu wakubwa wa redio, wenye barua ya mhuri, wananiuliza mimi bibi arusi kama sauti yao inanifikia. Nimjibu mtu kwamba anaongea na mimi simsikii? Niliona huo ni utovu wa adabu. Halafu wakanitumia kalenda na barua ya kunishukuru kwa bidii yangu, na baba yako akaitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, pale mgeni akiingia anaiona kabla ya kuona msalaba. Barua yako ikishatiwa kwenye fremu, utaanzaje kuandika mbili?

Wewe umekulia kwenye simu, kwa hivyo jambo linalofuata huenda usilielewe upesi. Enzi hizo mtu akifa, habari zilipelekwa redioni. Jioni, kabla ya taarifa, matangazo ya vifo yalisomwa na kila nyumba ikanyamaza. Jina la marehemu, kijiji chake, kisha orodha ndefu ya jamaa: mume wa fulani, baba wa fulani, kaka wa fulani aliyeolewa mahali fulani, habari ziwafikie popote walipo, mazishi ni siku fulani. Familia ikishatangaza iliona imemaliza. Hakuna aliyetumwa kwa miguu tena, kwa sababu redio ilikuwa imefika kila mahali. Ndivyo watu walivyoamini, na kadi zangu zilikuwa zikisema hivyo hivyo.

Alhamisi moja ya mvua za Aprili nilikaa na kadi mapajani kama kawaida. Ulipofika wakati wa matangazo ya vifo, redio ilikuwa inakaanga mafuta tu. Sikusikia jina hata moja. Nikaandika tano, nikaifunika redio kwa kitambaa chake, nikaenda kupakua chakula.

Asubuhi yake, Ijumaa, Mama Nyaga akashuka kwangu mapema. Alikataa kuketi. Akaniuliza, "Mwalimu, jana jioni redio yenu ilishika?"

Nikamwambia ilishika vizuri sana.

Akanitazama kwa muda, akakaza kitambaa chake cha kichwa, akapanda kwake bila kuaga. Nilidhani nimemkosea kitu, lakini nilikuwa nachelewa shule na sikumfuata kumwuliza.

Siku tisa baadaye tulikuwa sokoni pamoja. Mtu wa kwao Gachoka aliyekuja kuuza ndengu alimwona akamwacha mteja, akamshika mkono akampa pole. Akamwuliza mbona hakuja. Kaka yake wa pekee, Njiru, alikuwa amezikwa Jumamosi ile, siku moja tu baada ya yeye kushuka kwangu. Walimngoja dada mtu mpaka saa kumi, wakaona mvua inakuja, wakamzika. Mama Nyaga aliketi chini kati ya magunia akalia kilio ambacho bado nakisikia. Kisha akasema, "Redio ya huku haishiki." Wanawake waliokuwa hapo wakaitikia kwamba kweli haishiki, hata zao hazishiki. Mimi nilisimama na kikapu changu cha nyanya. Nilikumbuka kadi ya Alhamisi. Nikakumbuka vilevile jibu nililompa Ijumaa mlangoni kwangu. Kama ningemwambia ukweli, kwamba sikusikia kitu, pengine angekwenda kuuliza kwingine, angempata mtu aliyesikia, angefika Gachoka kabla ya udongo. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale sokoni. Nilimfuta machozi kwa leso yangu tu.

Baada ya kama miezi miwili, padri wa parokia akiwa ameandika barua ya malalamiko, gari la kituo cha redio lilifika Kibugu. Alishuka fundi mmoja wa makamo, mwenye miwani na viatu vya mjini. Alikuja moja kwa moja kwangu kwa sababu jina langu lilikuwa kwenye faili. Nikampikia chai. Baadaye akatoa sanduku lenye sindano ndani ya kioo, na juu yake antena ya duara kama pete ya pipa. Akasogea mbali na mabati ya nyumba na nyaya za nguo, akasema vitu hivyo vinadanganya mashine. Akaigeuza ile pete polepole mpaka sindano ikaacha kupanda, akaandika. Mimi mwalimu, nikauliza. Akanieleza kwamba kipimo chao ni desibeli, na kwamba mtu asiisome kama rula: ikipanda tatu tu, nguvu imekuwa maradufu, ikipanda kumi, nguvu ni mara kumi. Ndiyo maana tofauti ndogo kwenye karatasi inaweza kuwa tofauti kubwa masikioni. Alipima shuleni, akapima mtoni, akapima juu kwenye mgongo wa kilima karibu na kwa Mama Nyaga. Huko juu sindano ilisimama vizuri. Huku kwetu ilisinzia. Aliandika namba ya kila mahali mbali mbali, na mimi sikulitilia maanani jambo hilo.

Kisha akanivalisha visikizio masikioni akaniuliza ningeipa ngapi sauti ile. Nilisikia mafuta yakikaangwa, na ndani yake mtu akiita kama aliye ng'ambo ya mto. Lakini fundi alikuwa mgeni wangu. Alikuwa amekunywa chai yangu, na viatu vyake vilikuwa na matope yetu. Nikamwambia, "Tano."

Hakucheka. Alivua miwani akaipangusa.

"Mashine yangu haina adabu, Mwalimu," akasema. "Ndiyo maana tunaiamini."

Akanionyesha ramani yao. Upande wetu wote wa mlima ulikuwa umepakwa kijani, maana yake wanasikia vizuri, na aliyeupaka alitumia kadi. Akaniambia si yangu peke yangu, kadi zote za huku mlimani zilikuwa tano tupu, watu wa huku wana heshima sana. Mafundi waliwaendea waliolalamika. Kadi zetu zingesema kweli, wangekuja kwetu mwaka mmoja kabla. Nilihesabu ule mwaka nikiwa nimesimama pale, na Aprili ilikuwa ndani yake.

Nilianza kuandika kweli. Wiki ya kwanza nilipoandika mbili niliona kama nimemtukana mtu mzima. Mwaka uliofuata wakasimamisha mlingoti mdogo kilimani, na redio za bondeni zikasema vizuri, na watu wakafurahi, na baba yako akasema ni kwa sababu ya kadi zangu. Ilikuwa kweli kuliko alivyojua. Nikaenda jikoni.

Sasa unajua kwa nini kila Jumamosi nilichuma majani ya Mama Nyaga kabla ya yetu. Uliniuliza ukiwa darasa la tatu, ukiwa na njaa na hasira, kwa nini cucu ana shamba dogo na bado mimi nakwenda kwake. Nilikuambia ni ujirani mwema. Kanisani walinitaja kama mfano, mara mbili, na mara zote mbili nilitamani ardhi inimeze pamoja na benchi. Haikuwa wema, nilikuwa najitoza faini. Na faini ina ubaya huu: ukishazoea kuilipa, unaona huna haja ya kusema kosa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilipanda kile kilima kila Jumamosi kwa miaka ishirini na saba.

Mara nyingi nilikaribia. Kuna siku mumewe alipofariki, tukiwa wawili tu tunaosha vyombo, neno lilifika kwenye meno. Nikamwuliza kama sufuria ile kubwa ni yake au ya kanisa. Nilikuwa naogopa kitu kimoja, Wawira, wala si hasira yake. Niliogopa kwamba atanisamehe kwa mdomo halafu Jumamosi inayofuata aniambie nisijisumbue kwenda, majani yatachumwa na watoto. Huyu ndiye mtu aliyenipokea mahali hapa. Kama angenifungia, ningekuwa mgeni tena.

Na ugonjwa huu nimekuambukiza. Ulipokuwa chuoni na taifodi ilipokushika, ulinipigia simu kila jioni wiki nzima ukisema uko sawa, uko sawa kabisa, na mimi nikakuamini kwa sababu ndivyo ningesema mimi. Mwenzako wa chumba ndiye aliyetupigia. Nilipokukuta kitandani, midomo imekauka, uliniambia hukutaka kunitia wasiwasi. Nilikukemea mbele ya nesi. Sikukuambia kwamba nilikuwa nikiitazama kadi yangu mwenyewe. Lakini juzi nilipokuuliza kama unaogopa kwenda Isiolo, ulinijibu, "Naogopa sana, Mama." Nilifurahi mpaka ukaniuliza kama nimelewa. Hiyo ndiyo siku niliyoamua kwenda kwa Mama Nyaga, kwa sababu niliona aibu mtoto anishinde.

Nilipanda Jumanne saa nne asubuhi. Alikuwa ameketi uani na ungo mapajani anachambua ndengu. Nilikataa kiti, maana nilijua nikiketi nitaanza kusema habari za mvua. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama kama mtoto aliyepasua kioo: kadi, kalenda, fremu, ramani ya kijani. Nikamwambia kwamba Alhamisi ile sikusikia jina hata moja na nikaandika tano, na kwamba Ijumaa alipokuja kuniuliza nilimdanganya mlangoni kwangu.

Ungo ukatulia.

"Kumbe hukusikia?" akaniuliza.

Nikamwambia sikusikia kitu. Akaniuliza hata jina la Njiru, nikamwambia hata la Njiru. Akaniuliza tena, kama hakimu, kama nina hakika. Kisha akaweka ungo chini.

"Mimi nilisikia," akasema.

Mumewe alikuwa amevuta waya wa shaba kutoka kwenye redio yao mpaka juu ya mti wa mukima, na nyumba yao iko pale kileleni. Jioni ile redio yake ilisema wazi kabisa. Wakasoma jina la Njiru, wakasoma na lake, Ciarunji aliyeolewa Kibugu, habari zimfikie popote alipo. Zilimfikia akiwa ameshika mwiko. Mumewe alikuwa bado hajarudi. Akazima redio, akaendelea kusonga ugali.

Mwaka mmoja kabla, kwenye mazishi ya mama yao, walikuwa wamegombana yeye na Njiru, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kumwacha mama peke yake katika ugonjwa. Njiru alimwambia mbele ya watu kwamba asikanyage kwake hata akifa. "Kwa hivyo alipokufa nilimtii," akaniambia. Ijumaa usiku hakulala. Jumamosi mchana alivaa viatu, akafika barabarani, akarudi. Kufikia jioni alikuwa tayari kwenda hata kwa kutambaa, na ilikuwa imechelewa. Yule mtu wa ndengu alipomwuliza mbona hakuja, ndipo alipopata kusema redio haishiki, na watu wote wakamsaidia kwa sababu kwao haikushika. "Kilio cha sokoni kilikuwa cha kweli, Mwalimu. Ni sababu tu ndiyo ilikuwa ya uongo."

Nikamwuliza basi kwa nini Ijumaa alikuja kwangu. Akasema alitaka kujua kama yuko mtu mwingine aliyesikia. Nilipomjibu kwamba redio ilishika vizuri sana, na sikumpa pole, alielewa kwamba nimesikia na nimeamua kumfichia. Alisubiri niseme kwa watu. Sikusema. Halafu nikaanza kuja Jumamosi kumchumia majani bila kuulizwa.

"Nikasema, huyu Mmeru anajua, na atazikwa nalo," akaniambia. "Nilikupenda kwa hilo miaka hii yote."

Hapo niliketi. Kiti kilikuwa mbali, niliketi kwenye jiwe la kusugulia miguu.

Akaniuliza kwenye kadi ya Alhamisi niliandika ngapi. Nikamwambia tano.

"Basi hukudanganya," akasema. "Kwangu ilikuwa tano."

Tulicheka, Wawira. Tulicheka mpaka mke wa Nyaga akatoka jikoni akidhani tumepatwa na kitu, na kwa kweli tulikuwa tumepatwa. Nilijisikia kama siku ile baada ya kukuzaa wewe, mwili unatetemeka na hakuna kinachouma. Sikumkosesha mtu mazishi. Sikumnyima rafiki yangu kaka yake. Nimeyaandika maneno hayo mara mbili ili nione yanavyokaa kwenye karatasi.

Sijatakasika, usidhani hivyo. Bondeni huku kulikuwa na nyumba nyingine, na sitajua kamwe ni nani aliyepitwa na jina la mtu wake mwaka ule. Tena nilipima jikoni kwangu nikaiandikia Kibugu nzima, halafu nikabeba hatia kwa kipimo hicho hicho cha jikoni kwangu, bila kupanda hatua mia tatu na kumwuliza mwenzangu yeye alisikia nini. Fundi alinionyesha kwamba juu ni tofauti na chini. Nilimwona akiandika. Nilikuwa nimeshughulika mno na kuwa na makosa.

Tulipomaliza kucheka, Mama Nyaga akajipangusa machozi. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema miaka hii yote alijua tuko wawili. Kila alipoamka usiku na Njiru kichwani, alijiambia kwamba Mwalimu anajua na bado anakuja Jumamosi, kwa hivyo huenda yeye si mtu mbaya sana. "Sasa naona nilikuwa peke yangu na jambo hili," akasema. "Halibebeki nikiwa peke yangu." Mjane wa Njiru bado yuko hai. Alimsamehe zamani, kwa sababu ya redio. Ndengu zile kwenye ungo ni za kwake, humtumia kila msimu, na kila msimu humwuliza kama redio ya huku siku hizi inashika.

Kwa hivyo kesho hatutakuwa wawili kwenye safari ya kushuka Embu. Mama Nyaga anakuja nasi. Mjini wewe utashika njia ya Chuka na Meru kwenda zako, na utakapopita Nkubu utazame upande wa Kanyakine unisalimie kwetu. Sisi tutashika ya Gachoka, kwa mjane wa Njiru. Ukimwona amenyamaza usimchokoze, na usijifanye hujui. Ni yeye aliyeniambia nikuandikie, kwamba anayekwenda kupima anapaswa kujua.

Nilimwuliza kama ni lazima. Ana miaka sabini na mitatu, na goti lile. Nikamwambia anaweza kwenda tu kaburini akaomba, akanywa chai na wifi yake, akarudi na amani, na hakuna atakayemdai neno. Mjane ameshazeeka, kwa nini amsumbue? Akasema, "Aca," kama anavyokataa kila kitu, na akarudisha ungo mapajani. Nikamwuliza basi atamwambia nini.

"Nitamwambia nilisikia."

Mama yako